Kizibao cha Mama Mkwe

Ugomvi wa kwanza wa safari ulitokea mbele ya makabati ya kukodi, mlangoni mwa bustani ya michezo kule Osaka, watu wakiwapita kulia na kushoto na kofia za pweza vichwani. Yaeko alikuwa ameshafungua mlango wa kabati na sarafu iko mkononi. Mumewe, Shigeki, fundi wa kung'arisha vijiko wa mji wa Tsubame, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, alikuwa ameukumbatia mkoba wa kitambaa kama kwamba kuna mtu anataka kumpora.

"Siwezi kumfungia mama kabatini," alisema.

"Mama yuko nyumbani na wifi, anakunywa chai yake. Hicho ni kizibao."

"Ni nguo atakayovishwa akifa, Mama Naoto. Unaichukua nguo ya jeneza ya mtu aliye hai, unaifungia kwenye sanduku la chuma, halafu unakwenda kucheza? Huo si mkosi ni nini?"

Kusema kweli hata Yaeko mkono ulikuwa umemsita pale alipoliona lile giza la ndani ya kabati. Alifikiri habari za kule nyumbani, mama mkwe akipaliwa na uji saa ileile ufunguo unapogeuzwa, na nani basi angeuponea mdomo wa wifi Hisae? Akalifunga kabati likiwa tupu, akauchukua mkoba akautia begani mwake, wakaingia.

Ndani ya ule mkoba kulikuwa na kizibao cheupe cha pamba, kisicho na mikono, na mihuri myekundu mgongoni na kifuani. Kila muhuri ni hekalu moja la Kannon, Bibi wa Huruma, na mahekalu ya safari hiyo ni thelathini na matatu. Bi Tomie, mama yake Shigeki, alianza kuyazunguka mwaka aliofiwa na mumewe, kwa basi la akina mama wa hekalu lao, mawili mwaka huu, matatu mwaka ujao, kufuatana na mavuno na mifuko. Atakayelazwa jenezani na kizibao kilichotimia haulizwi maswali huko aendako. Ndivyo wanavyosema wazee wa kwao, na hakuna anayethubutu kwenda kuhakikisha halafu arudi. Cha Bi Tomie kilibakiza nafasi moja tu, chini kulia mgongoni. Kabla hajaijaza, akateleza bafuni akavunjika nyonga.

Tangu siku hiyo, na sasa ni miaka kumi na mmoja, Bi Tomie hakupiga hatua bila ya kumshika mtu, na mtu mwenyewe ni Yaeko. Yaeko ndiye aliyemwogesha, akampondea chakula, akamgeuza kitandani. Shukrani hakuwahi kuisikia. Alichosikia ni kwamba chai imepoa, au imechemka mno, au iko sawa lakini imechelewa. Alikuwa hajafika mbali zaidi ya hospitali ya mkoa mpaka mwaka huu, mwanawe Naoto alipotuma kutoka Tokyo tiketi mbili za bustani ya michezo na nafasi ya kulala Kyoto, zawadi ya miaka thelathini ya ndoa yao. Hisae, dada yake Shigeki, alikubali kumkalia mama yake siku tano, shingo upande. Alisimama mlangoni akamwambia Yaeko, "Siku tano tu, wifi. Na mimi nina kwangu." Yaeko akainama, akainuka, akainama tena kuomba radhi, utafikiri ameiba kitu.

Lakini ruhusa hasa ilikuwa ya Bi Tomie. Asubuhi ya safari aliuweka mkoba juu ya magoti ya Yaeko, si ya mwanawe.

"Nenda kaninunulie hekalu langu la mwisho," alisema. "Na ukitunze. Kikiharibika, nitakwenda uchi."

*

Basi, tuseme ukweli ulivyo: Yaeko alistarehe. Alikuwa na miaka hamsini na sita na hakujua kwamba mtu anaweza kupigwa na upepo usoni namna ile akalipia. Walipanda treni inayokwea hadi juu kabisa halafu inaachiwa. Wengine walipiga kelele kwenye miteremko tu. Yeye alipiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho. Nyumbani kwake watu hunong'ona, maana Bi Tomie usingizi wake mwepesi, na mlango unafungwa kwa mikono miwili. Hapa alifungua kinywa na sauti ikamtoka ambayo yeye mwenyewe hakuijua, nene, kama ya muuza samaki. Shigeki alishuka amegeuka rangi, akakaa kwenye benchi kichwa magotini. Yaeko akamwomba amshikie miwani, akaenda kupanga foleni tena peke yake.

Mchana akanunua taulo. Lilikuwa la zambarau iliyokolea, na katikati yake ni pweza wa bustani ile, mikono yote minane imenyanyuliwa juu kwa furaha. Shigeki alitazama bei akasema nyumbani wana mataulo kabati zima. Yaeko akasema hayo ni mataulo ya nyumbani. Akalipa kwa pesa yake ya kufungasha mboga sokoni, akalivaa shingoni saa ileile, na msichana wa dukani akamwambia limempendeza sana. Alijua wanawaambia wote. Hata hivyo alitembea nalo kama mtu aliyetunukiwa.

Kisha ikaja mashua ya maporomoko. Hapo mlangoni wanauza makoti ya mvua ya plastiki, na Shigeki akaona mawili ni ufujaji; wakanunua moja, wakaufunika mkoba wa mama, wao wakaloa chapachapa mpaka soksi. Yaeko alicheka hata ubavu ukamuuma. Alijifuta nywele kwa taulo lake jipya, akamfuta na mumewe kichwa na masikio kama alivyokuwa akimfuta Naoto mdogo, na Shigeki akatulia akafutwa. Muda mrefu ulikuwa umepita hawajagusana hivyo, maana nyumbani mikono ya Yaeko ilikuwa na mwenyewe. Halafu wakaona saa ya treni ya Kyoto imekaribia. Yaeko akalikunja taulo vizuri, akalitia ndani ya mkoba, wakakimbia.

Mkoba wa mama, ndiyo. Hakuwa na mwingine. Na mkono uliolitia taulo mle ndani haukuuliza kitu. Ulikuwa mkono wenye furaha.

*

Walikiona jioni, kwenye nyumba ya wageni, kabla chakula hakijaletwa. Yaeko alifungua mkoba ili akitundike kizibao kipate hewa. Taulo lilitoka kwanza, zito, limeshabanwa na umati wa treni mbili. Chini yake karatasi ya kufungia ilikuwa imelainika kama utando wa maziwa. Alipoibandua akakaa chini.

Zambarau ilikuwa imeingia kuanzia bega la kushoto mpaka katikati ya mgongo. Haikuwa doa, ilikuwa eneo zima. Mihuri ilionekana bado, myekundu ndani ya zambarau, na karibu na ukosi, ukitazama kwa upande, uliuona mkono mmoja wa pweza umenyanyuliwa juu kwa furaha.

Shigeki alisimama nyuma yake. Hakufoka. Yaeko angependa afoke.

"Mama ataniua," alisema mwishowe.

"Ataniua mimi. Wewe atakusikitikia kwa kuwa na mke kama mimi."

"Sasa ilikuwaje ukaliweka humo?"

"Na wewe ilikuwaje asubuhi ukakitoa kwenye mfuko wa plastiki?"

Alikuwa amekitoa kweli, akisema nguo ya mtu isikose hewa. Mhudumu akaleta chakula, vibakuli vidogo vidogo, akaeleza kila kimoja kimepikwa na nini, nao wakaitikia kwa heshima huku mguu wa Shigeki umekisukumia kizibao chini ya meza. Alipotoka, hakuna aliyegusa vijiti vya kulia.

Asubuhi wakatafuta dobi. Mwanamke wa dukani alikipokea kwa vidole viwili, akakikunjua, na alipoiona mihuri akakilaza juu ya kaunta akaunganisha viganja kukiombea. Baada ya hapo ndipo alipokitazama kwa jicho la kazi.

"Hii ni ya yule pweza wa Osaka," alisema. "Mjukuu wangu analo taulo hilo. Liliharibu fulana zote za nyumba nzima."

"Haitoki?" Yaeko aliuliza.

"Naweza kuitoa, mama. Lakini nikitoa zambarau nitatoa na mahekalu." Akakikunja tena kwa uangalifu mkubwa kuliko walivyokileta, akawatazama mmoja mmoja, na Yaeko akajua tayari ameshapata la kumsimulia mumewe wakati wa chakula cha mchana. Hakuwatoza kitu. Ingekuwa afadhali awatoze.

Siku ile waliiona Kyoto yote na hawakuona kitu. Walisimama mbele ya lile jumba mashuhuri la dhahabu, wakapanga foleni nyuma ya wageni waliovaa kimono za kukodi, wakapiga picha kwa sababu Naoto angeuliza picha. Katika picha hizo Yaeko ameushika mkoba mbele ya tumbo kwa mikono miwili. Walikula tambi wamesimama. Mpango wa Shigeki ulitoka hapo, kwenye tambi.

"Tutakwenda kesho hekaluni kama kawaida," alisema. "Tunakikunja ionekane ile nafasi tu. Wanapiga muhuri, tunakirudisha kabatini, basi. Mama mwenyewe hakifungui, macho yake hayaoni vizuri."

"Na siku yenyewe?"

"Siku yenyewe atakuwa amelala chali. Mgongo nani atauona? Na juu yake maua."

"Wifi Hisae atakuwepo wakati wa kuvisha."

"Atakuwa analia. Na si wewe utakayemvisha? Utajua mwenyewe namna ya kukunja."

Alilisema bila ubaya wowote, akivuta tambi. Yaeko aliweka bakuli chini. Tangu mwanzo kazi zote za mwili wa yule mama zilikuwa zake, na sasa hata udanganyifu wa mwili huo ukawa wake. Lakini hakukataa. Aibu ilikuwa imemzamisha, na mtu anayezama hushika kamba yoyote anayorushiwa. Alisema, "Haya."

*

Hekalu lenyewe lilikuwa mlimani, na ngazi zake hazikuwa na huruma hata kama mwenyeji wake ni Bibi wa Huruma. Yaeko alipanda akihema, akiwaza kwamba nyonga ya Bi Tomie isingefika hata robo. Walipiga kengele, wakaomba. Aliloomba Shigeki halijulikani. Yaeko alifumba macho akakosa la kusema, akaomba radhi tu.

Dirisha la mihuri lilikuwa pembeni, na foleni fupi ya watu waliovaa vizibao vyao safi. Mtawa aliyekaa ndani alikuwa mtu wa makamo, ana mafua, na boksi la karatasi za kufutia pua karibu na mihuri. Shigeki alikiingiza kizibao kimekunjwa kama leso, nafasi tupu ikiwa juu.

"Hapa tu," alisema, akionyesha kwa kidole.

Mtawa akakikunjua. Ndiyo kawaida yao, hukunjua wapate kuona mihuri imefuatana vipi, nao wangelijua hilo kama wangekuwa wamewahi kuja. Kizibao kikafunguka dirishani chote, na zambarau yake, na ule mkono wa pweza. Nyuma yao bibi mmoja akanong'ona, na mwenzake akasogea kando kidogo apate kuona vizuri. Yaeko alitamani kuteremka ngazi zile zote kwa mara moja.

"Hiki cha nani?" mtawa aliuliza.

"Cha mama yangu," Shigeki alijibu.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anajua?"

Shigeki alikuna sikio. Mtawa akangoja, akapenga kamasi, akangoja tena. Hakuwa amekasirika, alikuwa na uso wa mtu aliyeona mengi dirishani pale na ana homa juu yake.

"Mimi kazi yangu kugonga muhuri," alisema, "na siwezi kuwakatalia. Ila si mimi nitakayekivaa. Mpigieni simu kwanza mwenye nguo. Akisema gongeni, nitagonga. Siondoki hapa mpaka jioni." Akakikunja, akakirudisha kwa mikono miwili, akamwita anayefuata.

Walikwenda kusimama karibu na birika la kunawia mikono. Shigeki alitaka waende zao tu, wakatafute hekalu jingine lenye mtawa mvivu. Yaeko akamwambia hekalu la thelathini na tatu liko moja. Akaitoa simu.

Aliyepokea ni Hisae, na hakungoja salamu. Mama amekataa kula tangu jana. Mama hataki kuogeshwa naye, anasema mikono yake ya baridi. Mama usiku ameita mara nne, na mara zote nne aliita jina la Yaeko, sasa yeye Hisae ni mwanawe au ni mpangaji? Shigeki akasema pole dada, pole, mpe mama simu.

"Mama, tuko hekaluni," alisema, na sauti yake ikawa ya mvulana aliyevunja kioo. "Zuri sana. Sasa kuna jambo kidogo. Jana tulinyeshewa, na kizibao kimeingia... kimeingia rangi kidogo."

Simu ilikuwa na sauti kubwa kwa ajili ya masikio ya mzee, kwa hiyo Yaeko aliyasikia yote.

"Mvua ya wapi?" Bi Tomie aliuliza. "Mimi nashinda mbele ya televisheni. Huko jua tangu juzi."

"Mvua ndogo, Mama. Ya mlimani."

"Na hiyo mvua ilikuwa ya rangi gani?"

Yaeko alimtazama mumewe, mvi zake na sikio alilokuwa akilikuna, akamwonea huruma, na juu ya ile huruma kikampanda kitu kingine. Alikuwa amechoka kukunja na kuficha. Akaichukua simu.

"Mama, ni mimi," alisema. "Hakuna mvua. Nilinunua taulo la zambarau kule kwenye michezo. Nililoa, nikajifuta, nikaliweka kwenye mkoba wako likiwa bichi. Rangi imekula mgongo mzima, haitoki. Baba Naoto hana kosa."

Upande wa pili ikasikika sauti ya Hisae kwa mbali. "Nilijua. Si nilisema mimi? Si nilisema?"

"Hisae," Bi Tomie alisema, "kateleke maji." Kisha zikasikika pumzi zake tu. Yaeko alizijua pumzi zile. Alikuwa akizisikiliza kila usiku kupitia ukuta wa karatasi. "Endelea. Ulijisahau?"

Hapo Yaeko angeweza kusema ndiyo, akaponea hapo. Mtu kujisahau ni jambo la kawaida, husamehewa.

"Hapana, Mama. Nilikusahau wewe."

"Kwa muda gani?"

"Mchana kutwa."

Watu walikuja wakanawa mikono, wakaondoka. Shigeki alikuwa amegeuka anatazama miti. Yaeko alingoja aambiwe arudi nyumbani, au asirudi, na la kushangaza ni kwamba hakuwa akiogopa tena kama alivyoogopa kwenye foleni. Aliona huzuni tu. Alikuwa amepewa kitu kimoja akitunze, na yule mzee alikuwa amekipata kwa miaka mingi ya miguu yake.

"Ulicheka?" Bi Tomie aliuliza.

"Nilicheka, Mama. Nilipiga na kelele."

"Hm." Ilikuwa ileile *hm* ya chai iliyopoa. "Sasa nikwambie, mimi zambarau sivai. Sikuivaa nikiwa kijana, ndio nianze nikiwa maiti?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Hapo wanauza vizibao?"

Yaeko aligeuka kutazama. Vilikuwa vimepangwa karibu na dirisha, vyeupe, vimefungwa kwenye mifuko. "Wanauza."

"Basi ninunulie kipya, wanigongee muhuri wa hapo. Mmoja utanitosha."

"Mama, lakini yale mengine yote—"

"Yale nilikwenda mwenyewe. Kama huko juu hawanijui kwa sura, hawatanijua kwa wino. Nunua, Yaeko."

Alikuwa amemwita kwa jina. Mara nyingi humwita *wewe*, na siku za wageni *mke wa Shigeki*. Yaeko alikibana kizibao kifuani pamoja na mkoba wake.

"Na hiki nikifanyeje? Nikiache hekaluni wakichome?"

"Uchome mahekalu thelathini na mawili, una wazimu? Hicho umekiharibu wewe, kitakuwa chako. Wagonge na huo wa mwisho kitimie, ukiweke mpaka siku yako." Akakohoa. Yaeko mkono ukamnyanyuka wenyewe, kwenda kumpiga mgongo mtu aliyeko mbali naye mkoa mzima na zaidi. Kikohozi kilipokwisha, sauti ikarudi imepungua. "Maana wewe utayazunguka lini? Miguu yako niliitumia mimi."

Yaeko alisema, "Mama," basi, likaishia hapo.

"Simu inakula pesa," Bi Tomie alisema. "Na huyo dada yenu mwambieni apashe mikono moto kabla ya kunishika." Ikakatika.

Shigeki akamsogelea. "Amesemaje? Amekasirika?"

"Amekasirika," Yaeko alisema, na machozi yakawa yanamtoka bila mpango, hata yakadondokea kwenye mkoba. Mumewe akatafuta leso mifukoni, hakuipata, akasimama mbele yake kuwakinga watu wasimwone. Hilo lilikuwa jambo jema alilolifanya safari ile, na Yaeko alimhesabia.

*

Walirudi dirishani mwisho wa foleni. Shigeki alinunua kizibao kipya, kidogo, cha saizi ya mtu aliyesinyaa. Mtawa alikikunjua, kikawa cheupe chote mbele yake, akauliza muhuri uanzie wapi. Yaeko akasema katikati ya mgongo, peke yake, ambako mtu akilala unagusana naye. Mtawa akaukandamiza kwa uzito wa mwili wote, akauinua taratibu, akaweka karatasi juu yake, akakisogeza pembeni kikauke.

Kisha Yaeko akauingiza mkono mkobani akatoa kile cha zambarau. Safari hii hakukikunja. Alikitandaza mwenyewe dirishani, bega kwa bega, na bibi mmoja aliyekuwa amesimama karibu akanyoosha shingo, na anyooshe tu. Mtawa alifuta pua, akakitazama kizibao, akamtazama Shigeki.

"Mwenye nguo amekubali?"

Shigeki akafungua mdomo. "Mama yangu amesema hiki—"

"Nguo ni yangu," Yaeko alisema. "Gonga."